Televisheni Mbili Chini ya Kanga

Shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, hununua mpunga kijijini Namawala wakati wa mavuno, akauweka ndani na kuusubiri upande bei. Mwaka juzi alikuwa na magunia kumi na mawili katika chumba cha mbele cha nyumba yake, Katindiuka. Siku moja alinikuta mashineni, ninakofanya kazi ya ufundi wa mashine za kukoboa, akaniambia anataka kuyauza afungue chumba cha gemu.

"Yote?" nikauliza.

"Yote, shemeji. Yule kijana wa dukani kasema mashine mpya ya gemu na televisheni ya 4K ndiyo habari ya mjini. Ukiweka ya zamani, watu wanakupita kama hawakujui."

"Kasema yeye au wamesema wachezaji?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe si ndiye unayesoma mpaka karatasi ya ndani ya boksi la dawa ya mbu?"

Hilo ni kweli. Niliishia darasa la saba, na mengi niliyoyajua baadaye nimeyatoa kwenye vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine, ambavyo wenzangu huvitupa. Lakini niliona uzito wa jambo lenyewe. Magunia yale yalikuwa mtaji wake wote, na humo humo kilikuwemo chakula cha nyumba mpaka mavuno. Akikosea, msimu ufuatao angekwenda Namawala mikono mitupu. Muuzaji alikuwa amemwekea vifaa hadi Jumamosi.

Nilisoma jioni tatu. Picha ya televisheni ni nukta zilizopangwa kwa mistari. Ile ya 4K ina nukta zaidi ya milioni nane, ile ya kawaida ina kama milioni mbili. Kwenye kioo cha inchi arobaini na tatu, nukta moja ya televisheni ya kawaida ina upana wa nusu milimita hivi. Nilipopiga hesabu ya uwezo wa jicho zima, nilipata kwamba mtu akikaa zaidi ya mita moja na sentimita sabini, hawezi tena kuzitenganisha nukta hizo. Kwa hiyo nyongeza ya milioni sita inabaki kwenye kioo, haimfikii.

Shemeji alinisikiliza kwa uso wa mtu anayesubiri mvua ipite. Basi nikachukua sinia jeusi, nikaweka punje mbili za mchele zilizokaribiana, nikamwambia arudi nyuma taratibu hadi azione kama punje moja. Alifika karibu na choo.

"Zimekuwa moja!" akapiga kelele. "Na ukiweka nne hapo hapo?"

"Ukiwa huko ulipo, ni ile ile moja."

Alirudi akiwa na wazo ambalo hakuna kitabu kilichonipa. Wanunuzi wa mchele wa kwetu, wakitaka kujua upi unastahili bei yake, huupika katika sufuria mbili, wakawapa watu waonje bila kuwaambia upi ni upi. Mdomo ndio unaoamua. "Tuwapikie hizo televisheni," alisema.

Muuzaji alikubali kwa sababu alikuwa na hakika atashinda. Ijumaa saa nne asubuhi alituwekea barazani kwake televisheni mbili: kushoto ya 4K na mashine mpya, kulia ya kawaida na mashine ya zamani iliyokwishatumika. Shemeji alizifunika kanga kingo zake hadi vikabaki vioo tu. Nilipima mita tatu kwa futi yangu ya kamba, nikaweka benchi. Tuliita madereva sita wa bodaboda kutoka kijiweni. Mchezo ulikuwa mmoja, wa mpira, na kila mmoja angecheza pande zote mbili kisha aninong'oneze alipopapenda.

Wote sita wakachagua kulia.

"Ile nyingine mchezaji wake mvivu," alisema mmoja wao, Msukuma mrefu ambaye wenzake walimwita Mchunga Ng'ombe. "Ninabonyeza apige, anafikiria kwanza."

"Labda anakuogopa wewe na fimbo yako!" mwenzake akamjibu.

Shemeji alikuwa ameshaanza kucheza ngoma kwa furaha. "Imekwisha! Ya bei ndogo imeshinda!"

Ningependa sana iwe imekwisha. Lakini neno lile, anafikiria kwanza, lilinikwama. Nilifungua mipangilio ya ile televisheni kubwa kwa bei, nikakuta nimeiacha katika hali ya kuangalia filamu. Humo televisheni huishika picha kidogo ili iipambe kabla ya kuionyesha, na kidole cha mchezaji kinakuwa kimetangulia. Ya kulia nilikuwa nimeiweka katika hali ya gemu. Ya kushoto nilisahau. Kosa lilikuwa langu. Nikawaambia wote kwamba jaribio limeharibika, turudie.

"Shemeji!" aliniita kwa sauti ya chini. "Unanitaka nini?"

"Ukipika sufuria moja bila chumvi, hujapima mchele."

Akaenda kuzirekebisha kanga.

Mara ya pili watatu walichagua kushoto, watatu kulia, na hakuna aliyeweza kuniambia sababu. Niliandika. Muuzaji akakunja uso. Kisha, kwa vile mashine zilikuwa zinawaka, waliendelea kucheza kwa raha zao, na baada ya muda Mchunga Ng'ombe akasema, "Lakini hii ya kushoto, jamani, majani yake unayahesabu."

Nilishtuka. Nilitazama benchi. Halikuwa pale nilipoliweka. Kila goli lilipokaribia, waliolikalia walilisukuma mbele kwa makalio bila hata kujua. Nilipima: mita moja na sentimita kumi.

Basi majibu yalikuwa kamili. Ukikaa mbali, mali zote mbili ni sawa. Ukisogea, ile ghali inaanza kujitetea. Nilimwambia shemeji kwamba pesa ya seti moja mpya inapata seti mbili za zamani na chenji inabaki. Watu wanne watacheza kwa wakati mmoja badala ya wawili, na foleni itakwenda haraka. Sharti ni moja tu, wasisogee.

"Na utawazuiaje?" aliuliza muuzaji, akicheka. "Utawafunga kamba?"

Nilipendekeza kuchimbia benchi sakafuni kwa chuma. Shemeji aliniangalia, akaangalia wale madereva sita, akasema, "Niachie mimi."

Jumamosi aliuza magunia saba na kununua seti mbili za zamani. Ufunguzi ulikuwa Jumapili baada ya misa. Nilifika na futi yangu, nimejiandaa kwa ubishi, nikakuta chumba kimejaa na hakina benchi hata moja. Magunia matano yaliyobaki yalikuwa yamelazwa kwenye ukuta wa nyuma, yametandikwa mkeka, na wachezaji wamekaa juu yake. Nilipima hata hivyo. Kutoka gunia hadi kioo, mita mbili na sentimita themanini.

Goli lilikaribia. Mchunga Ng'ombe, aliyekuwa akifungwa mbili bila, aliinama, akajisukuma kwa makalio, akajisukuma tena. Gunia halikutikisika.

"Vuta, baba, vuta!" shemeji alimpigia makofi. "Hiyo ni karibu kilo mia! Ng'ombe wako wako wapi wakusaidie?"

Chumba kizima kilianguka kwa kicheko, na katika kicheko hicho akafungwa la tatu.

Wiki ile nzima sikusikia mtu akiuliza habari za 4K. Waliuliza zamu yao lini. Mwezi wa pili bei ya mpunga ilipopanda, mnunuzi alikuja Katindiuka na bambo lake, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia na kutolea punje za kukagua. Alisimama mlangoni akitafuta mahali pa kuchoma, kila gunia lina watu wawili juu.

"Mama, nimefuata mzigo," alisema.

"Nimeuona usafiri wako," shemeji alimjibu bila kugeuka, pedi ya gemu mkononi, kwa sababu siku hizo naye alikuwa ameshajifunza kucheza. "Bei ni ile niliyokutajia jana, sipunguzi. Ingia ukae. Mpunga wangu hauondoki mpaka kipindi cha pili kiishe."