Aliyeshika Koti

Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mwaka umepita, lakini nikiona koti zito la sufu limetundikwa mlangoni bado damu inanichemka.

Tulikutana ng'ambo, mimi na dada mmoja, sote wawili tumefuata MBA. Mimi nilitoka kwenye kaunta ya benki, nina miaka ishirini na tisa na mdomo usiotulia. Yeye alikuwa na arobaini na sita, mkubwa kuliko darasa zima. Kwao alikuwa mtunza stoo kwenye bohari ya dawa kwa miaka kumi na tisa, na madereva wa kule walimbatiza Mama Chaki. Siku ya pili tangu tuhamie nyumba moja nilijua kwa nini. Kila kopo na kila boksi kabatini lilikuwa na tarehe kubwa ya chaki ubavuni, kinachokaribia kuharibika kimekaa mbele, chenye maisha marefu nyuma.

"Dada, hapa ni nyumbani au bohari?" nilimtania.

"Ni nyumbani. Ndiyo maana tumbo lako litakuwa salama."

Hakuja kutembea. Mkurugenzi mpya wa bohari alimwambia wazi kwamba hana cheti cha uongozi, kwa hiyo hawezi kusimamia hata stoo aliyoipanga kwa mikono yake. Akaomba ufadhili mara tatu ndipo akapata, akawaacha wanawe wawili kwa mama yake. Sharti la ufadhili lilikuwa moja: ukifeli somo, unarudi kwenu.

Jumapili moja tulikuwa mezani jikoni, kila mtu na nakala yake ya kisa cha kujadiliwa kwenye somo la uongozi. Kurasa kumi na moja. Bohari ya dawa "katika nchi moja inayoendelea" imeletewa mfumo wa kompyuta, na mtunza stoo mmoja aliyezoea "njia za kienyeji" akaupinga chinichini mpaka dawa nyingi zikaisha muda na kutupwa. Swali: meneja amfanyeje mtu huyo? Mwandishi wa kisa alikuwa mhadhiri wetu mwenyewe, bwana mrefu mwenye sauti laini na viatu visivyojua vumbi. Nilikimaliza huku natafuna mkate, jibu nikaliandika kwa dakika ishirini.

Naapa sikuunganisha mambo. Kisa hakikutaja chaki wala nchi. Mwenzangu alifika ukurasa wa nne akatulia, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza upya. Nikadhani lugha inamsumbua.

"Dada, nikufafanulie?"

"Nimeelewa, mdogo wangu," akasema, akainuka kuosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

Kesho yake ukumbi ulijaa, ule wenye viti vya kupanda ngazi, kila mwanafunzi na kibao cha jina mbele yake. Nusu ya alama za somo zilikuwa za kuchangia darasani, kwa hiyo watu walinyoosha mikono kama wanaogombea mgao wa mwisho. Mhadhiri akanichagua mimi. Nikasimama, nikasema kwa kujiamini: mtunza stoo aondolewe mapema kabla hajawaharibu wenzake. Darasa likacheka, mhadhiri akatabasamu, akaniwekea alama pale pale kwenye karatasi yake. Nilikaa nikijiona malkia.

Ndipo Mama Chaki akanyoosha mkono. Muhula mzima alikuwa hajaunyoosha.

"Samahani, mwalimu. Ulipokwenda kwenye bohari hiyo, uliingia ndani ya stoo?"

"Nilihoji uongozi wote, siku mbili nzima."

"Mtunza stoo ulimhoji?"

"Nilivyoelezwa, hakuwa tayari kutoa ushirikiano."

"Nilikuwa mlangoni," akasema. "Stoo ilikuwa na vumbi, ukaogopa koti lako lisichafuke. Ukalivua, ukanipa mimi nikushikie. Ukapiga hatua tatu, ukatoka, nikakurudishia. Ukasema asante."

Akaendelea, sauti yake haikupanda hata kidogo. Mfumo ule ulipanga dawa kwa siku zilipopokelewa, siyo siku zitakapoisha. Sasa mzigo unaweza kuja leo umebakiza miezi miwili, huku ule wa mwaka jana bado una miaka. Yeye alikuwa anaandika kwa chaki tarehe ya kuisha kwenye kila boksi na kulisogeza mbele lililo karibu. Washauri walioleta mfumo wakaamuru maboksi yapanguswe, kila mtu afuate kompyuta. Aliandika barua mbili za kuonya, hakujibiwa hata moja. Dawa za watoto zikaoza zikiwa nyuma ya rafu, na waliokuja kuandika wakakuta wa kulaumiwa ameshaandaliwa.

Unajua yule bwana alijibu nini? "Tunashukuru kwa mtazamo huo. Ila katika uongozi tujitahidi tusiyafanye mambo yawe ya binafsi. Tuendelee, muda hautoshi."

Ya binafsi! Mtu kaandikwa kurasa kumi na moja, kazi yake, kosa lisilo lake, kisha akisema "huyo ni mimi" anaambiwa asiyafanye ya binafsi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini huyu hata mlango wa chumba hakuupita, na kunguni kawahesabu! Na mimi je? Nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni yake, nimeinamisha uso, jibu langu limeshaingia kwenye alama. Nyani haoni kundule.

Nusu iliyobaki ilikuwa insha ya kisa kilekile. Nilimsihi sana.

"Dada yangu, waandikie wanachotaka. Chukua cheti, ukifika kwenu useme ya kwako."

"Yaani nijifukuze kazi kwa mkono wangu mwenyewe, halafu nipewe cheti kwa kujifukuza vizuri?"

"Watoto wanakusubiri na hicho cheti."

"Nami nikisema mtunza stoo alikosea, nani atabaki wa kusema hakukosea?"

Akaandika ukweli, pamoja na tarehe za zile barua mbili. Wakamfelisha. Pembeni palikuwa na mstari mmoja: "Umeshindwa kujitenga na hisia zako." Akakata rufaa. Baraza likasema kisa hicho kinafundishwa vyuo vingi na hakijawahi kulalamikiwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nami, niliyekuwa nimewaandikia walichotaka, nilipeleka insha yangu ofisi ya mkuu wa kitivo, ile iliyopata alama za juu darasani, nikataka zifutwe kwa sababu zimejengwa juu ya uongo. Katibu muhtasi alinitazama, akafungua droo mbili, akaniambia hakuna fomu ya kuomba kupunguziwa alama.

Akarudi kwao. Kabatini aliniachia makopo sita, yamepangwa.

Mwaka wa pili nilipewa kazi ya kuwasaidia wanafunzi wapya. Wakaja na kisa kile kile, toleo lililosahihishwa. Nikakisoma nikidhani labda wamerekebisha. Kurasa kumi na moja zilikuwa vilevile, ila mwishoni waliongeza sentensi moja: "Baadaye mtunza stoo alipewa nafasi ya kusoma ng'ambo, lakini hakufaulu."

Nilimpigia simu saa hiyo hiyo. Alikuwa stoo, nasikia maboksi yanaburutwa. Nikamsomea.

Akauliza, "Koti wameliandika?"

"Hapana, dada."

"Basi liandike wewe. Na usisahau kuandika ulilosema darasani siku ile."

Nimeliandika.