Apolline kwenye Kona za Mushaki

Dada ya bwana yangu, Apolline, anapeleka mikate kwa kinga. Wengine wanasema baiskeli, wengine velo. Sisi hapa Murara, mutaa wa Goma, tunasema kinga. Asubuhi, mutoto wangu Bénie akiwa bado ananyonya, namusikia anaitoa ukumbini polepole ili mutoto asiamuke. Ni kinga nyekundu ya mashindano, yenye magurudumu membamba, na mawe ya volkano ya mutaa wetu yangeyakata kama viazi. Kwa hiyo anaibeba begani mupaka kwenye lami, karatoni la mikate likiwa mugongoni. Majirani wamezoea. Zamani walikuwa wanamucheka, wanasema, "Tazama, Apolline anapeleka kinga yake kwa muganga." Yeye anajibu bila kugeuka, "Ndiyo, imechoka kuwaangalia ninyi."

Alikuwa anashindana. Kabla ya vita hivi vya mwisho, kulikuwa na kundi la wasichana wa mutaa waliotoka naye kila Siku ya Mungu baada ya misa ya kwanza. Njia zao zilikuwa tatu. Ya Kibumba, inayopitia Munigi, na upepo wa volkano unakupiga kifuani kama mutu mwenye hasira. Ya Minova, kandokando ya ziwa, ambayo Apolline anasema ni njia ya wavivu na wapenzi. Na ya Mushaki. Hiyo ya tatu ndiyo yake, kwa sababu ndiyo inaenda kwao.

Mimi sijui kupanda kinga, lakini njia ya Mushaki naijua kwa mudomo wake. Ukitoka Sake, kilima cha kwanza kinakudanganya, kinajifanya kidogo. Unatumia nguvu zote hapo, na kumbe mulima wenyewe haujaanza. Halafu zinakuja kona, moja nyuma ya ingine, na kila kona unaona Sake inakuwa ndogo chini yako na ziwa linakuwa kubwa. Kuna mahali miti ya mikaratusi inaleta kivuli, na hapo ndipo wengi wanateremuka na kusukuma. Apolline hakuwa anateremuka. Hakuwa hata anasimama juu ya pedali. Alipanda akiwa ameketi, kimya, kama mwanamuke anayetwanga. Huko juu kuna baridi na ng'ombe kwenye majani, na baada ya hapo njia inashuka ndani ya bonde, unavuka kamuto, na ng'ambo ya kamuto ni Kabingo, kwa mama yake.

Kuna desturi moja kwenye mulima ule, ya watu wa kinga na watu wa chukudu, zile kinga za mbao zisizo na pedali. Anayepanda bila muzigo hapiti mutu anayepanda na muzigo. Anashuka, anamusukuma mupaka kona inayofuata, kisha anaenda zake. Haulizi jina, haulizi kabila, haulizi umebeba nini. Mutu akipita tu, habari yake inafika Sake mbele yake, na siku akiwa na muzigo yeye, atausukuma peke yake. Hata kwenye mashindano wasichana walishuka na kusukuma. Aliyeshinda ni yule aliyeshinda pamoja na kusukuma.

Mama Pascasie, mama mukwe wangu, alikimbia Kabingo wakati mabomu yalifika, akakaa Mugunga ndani ya kambi. Kambi zilipovunjwa, sisi tulimuomba aje kwetu Murara. Alikaa siku chache tu, akawa anaangalia kuta. Akasema, "Watoto wangu, mimi nimelala chini ya plastiki na sikufa. Sasa niacheni niende nilale kwenye udongo wangu." Akarudi na watu wengine waliokuwa wanarudi. Bénie alizaliwa nyuma ya yeye kuondoka. Hakuwahi kumuona.

Siku moja mama Joviale, anayeleta maziwa kutoka huko juu, aliingia uwanjani kwetu na hakutua bidoni zake za maziwa. Nikajua kuna neno.

"Mama Bénie, bwana yako iko?"

"Élisée ametoka. Kuna nini?"

Apolline alikuwa anafunga mikate. Akasimama.

"Muzee wenu, mama Pascasie, hakuli tena," akasema mama Joviale. "Tangu juzi anakunywa maji tu. Mimi nilipita kumusalimia, akanishika mukono, akauliza kama mutoto anafanana na nani. Nikamuambia sijui, sijamuangalia muzuri. Akanikasirikia. Akasema, unaenda Goma kila siku, na macho unayaacha wapi?"

Tulicheka kidogo, kwa sababu ilikuwa sauti yake kabisa. Halafu Apolline akauliza, "Anataka kumuona mutoto?"

"Anataka hata kumunusa tu. Alisema hivyo. Anileteeni nimunuse."

Kwa simu hatukuweza kumupata, kwa sababu huko Kabingo network ilikuwa imekufa siku nyingi. Bénie alikuwa na homa, kifua kinalia kama paka, na mvua ilikuwa inanyesha kila muchana. Nilimutazama mutoto, nikamutazama Apolline. Yeye ndiye alinitoa kwenye aibu.

"Wewe huendi popote na mutoto mugonjwa, mama Bénie. Nipe nguo yake."

"Nguo gani?"

"Ile ameilalia. Usiifue."

Nikamuvua Bénie kashati kake ka manjano, kenye maziwa yaliyokauka shingoni na harufu yake yote. Apolline akakakunja, akakatia ndani ya mufuko wa plastiki, akafunga fundo kali, akasema, "Harufu isitoke njiani." Kesho yake kulipokucha akabeba kinga begani, bila karatoni la mikate. Ndiyo mara ya kwanza tangu vita nilimuona amevaa kofia yake ya mashindano.

Yaliyobaki alinihadithia yeye mwenyewe, kidogo kidogo, siku nyingi, tukipepeta muchele au tukianika nguo.

Alisema miguu ilimukumbuka. Mugunga aliipita bila kuangalia pembeni. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, kijana mumoja akamuuliza, "Mwanamuke, unashindana na nani?" Akamujibu, "Na mama yangu." Kijana akafungua kamba. Alifika Sake jua likiwa bado chini, na akasema moyoni: kabla watu hawajala cha muchana nitakuwa nimeketi kitandani pa mama. Kilima cha kwanza hakikumudanganya. Alikipanda polepole, akaweka pumzi. Alikuwa ameketi.

Kwenye kivuli cha mikaratusi akaona mutu mbele. Mwanaume mwembamba, mwenye koti la mvua lililopasuka, alikuwa anasukuma kinga kubwa ya chuma. Juu yake mbao ndefu zimefungwa ndani ya turubai, zinatokea nyuma, na kwenye usukani kunaning'inia mufuko mudogo unaolia kama njuga. Misumari. Kila hatua kinga ilikuwa inarudi nusu hatua.

Apolline aliniambia ukweli. Alisema, "Moyo wangu uliniambia, pita, leo tu, Mungu anaona sababu yako." Lakini alishuka.

"Habari, papa."

"Muzuri, dada. Pita tu, hii iko muzito."

"Nipite namna gani? Unataka wanicheke mupaka Goma?"

"Basi shika huko nyuma. Lakini taratibu, usinitupe kwenye shimo, nina watoto."

Akaweka kinga yake nyekundu juu ya muzigo, mikono kwenye mwisho wa mbao, na wakasukuma. Yule mwanaume alikuwa mucheshi. Alisema ametoka huko juu usiku-usiku kuja kutafuta mbao Sake, kwa sababu maseremala wote wa huko walikimbia na randa zao. Alisema yeye si mutu wa huku, ni wa upande wa Rutshuru, vita vilimutupa huku naye akaokotwa na watu wa ng'ombe. Anaitwa Ntirenganya. Apolline akamuuliza kama amekula.

"Nimekula baridi," akajibu. "Na wewe nitakuonjesha, tukifika juu."

Walifika kwenye kona. Desturi ilikuwa imetimia, angeweza kuchukua kinga yake na kwenda. Ntirenganya aliokota jiwe, akaliweka nyuma ya gurudumu ili muzigo usirudi, akapangusa uso. Akaitazama ile kinga nyekundu.

"Nzuri," akasema. "Lakini hapa si mahali pake. Huku juu wamama wanapenda uongo. Wananiambia kuna binti mumoja anapanda huu mulima wote akiwa ameketi. Mimi nawaambia, labda ameketi juu ya magunia ndani ya kamiyo."

Apolline akacheka. Aliniambia hilo mara nyingi, kwamba alicheka.

"Ni mimi huyo, papa."

"Wewe?"

"Mimi. Uliza Kabingo yote. Mutoto wa Pascasie, kwenye nyumba ya juu ya kamuto."

Ntirenganya aliinama, akatafuta jiwe la pili, akaliweka mbele ya gurudumu. Kwenye mulima ule mutu anayepumzika anaweka jiwe moja, nyuma tu. Mawili anayaweka mutu anayejua kwamba hapo watakaa. Apolline aliyaona mawe mawili. Akaangalia mbao zile alizokuwa ameshika, mwisho wake uliotoka nje ya turubai. Zilikuwa zimepigwa randa, laini. Mutu hapigi randa mbao za zizi. Na chini ya turubai palikuwa na kipande cha kitambaa cheupe, kipya, kimekunjwa vizuri kisiguse matope.

Ntirenganya akavua kofia.

"Dada, mimi sikujua," akasema. "Walinituma tu. Njiani mutu hasemi amebeba nini."

"Lini?"

"Jana, jua likizama. Hakusumbuka. Shangazi yako Lucie alikuwa naye."

Apolline aliketi kwenye majani, pembeni mwa njia. Chini, Sake ilikuwa ndogo. Watu wa kinga wawili walipita wanateremuka na makaa, wakaona mawe mawili, wakaona mwanaume asiye na kofia, wakapunguza mwendo. Kisha Ntirenganya akasema kwa upole, "Panda kinga yako, dada. Wewe uko mwepesi. Enda uwe na watu wako, mimi nitafika."

"Niende mbio kwa nani?" akamuuliza.

Akasimama, akatoa jiwe la mbele, akarudi nyuma ya mbao, akashika. Ntirenganya akatoa jiwe lingine. Aliniambia kwamba mulima ule alioujua tangu akiwa musichana, siku ile aliujua kwa mara ya kwanza, kwa sababu hakuwahi kuupanda akiangalia chini. Kila kona aliweka bega. Jua lilipita katikati ya mbingu, mvua ikaja, ikaenda. Huko juu, kwenye baridi, waligeuza kazi: yeye akashika nyuma ya muzigo ili usikimbie, na wakaanza kuteremuka bonde hatua kwa hatua. Hapo ndipo zamani alikuwa anaachilia breki na kupiga kelele.

Wamama wa Kabingo walikuwa wameketi nje. Waliona kwanza ile kinga nyekundu, imelala juu ya mbao. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kilio kilianza kabla hawajavuka kamuto.

Walipigilia misumari uwanjani. Wakati wa kufunga sanduku, Apolline alitoa kashati ka Bénie ndani ya plastiki, akataka kukaweka kwenye mikono ya mama yake. Shangazi Lucie akamushika.

"Hapana, mutoto wangu. Nguo ya mutu aliye hai haiende chini. Unataka kumuitia mutoto kitu?"

"Aliomba kumunusa, shangazi."

"Najua aliomba. Nilikuwa hapo."

Halafu shangazi akafungua fundo yeye mwenyewe, kwa meno, akakatoa kashati, akakalaza juu ya uso wa mama Pascasie, kwenye pua, akakaacha hapo. Kisha akakatoa, akakarudisha ndani ya plastiki, akafunga tena, akasema, "Sasa fungeni."

Élisée alipata habari kwa mudomo wa mama Joviale, watu wakiwa wamekwisha kuzika. Alikaa mulangoni muda murefu, mukate mukononi, hakuula.

Apolline alirudi baada ya matanga. Aliteremuka kona zote kwa miguu, akisukuma, na chini ya mulima akakuta mwanamuke mwenye magunia ya viazi anapanda, akageuza kinga, akarudi naye mupaka kona. Sasa kuna wasichana wawili wameanza kumuomba awafundishe tena. Anawapeleka Minova, kwenye njia ya wavivu. Mushaki anasema bado.

Ile plastiki alinipa mukononi. Niliifungua peke yangu, chumbani. Kashati kalikuwa bado na harufu ya maziwa, na ndani yake kulikuwa na ingine, ya moshi na mikaratusi na kitu kingine ambacho sikijui jina. Nilikashika juu ya beseni la maji, sabuni ikiwa tayari. Kisha nikamuamusha Bénie, nikamuvalisha hivyo hivyo.