Mtoto Ambaye Dila Hakumbatiza

Saa mbili asubuhi, jikoni kwa Mrika mjini Shkodra, Albania, Dila Marashi anatumbukiza kiwiko kwenye beseni kupima joto la maji. "Mashalla, mapafu unayo," anamwambia kichanga anayelia. "Ungezaliwa enzi zetu, ungefundishwa kulia kimyakimya."

Mrika, mama wa mtoto, anacheka. Yeye mwenyewe aliogeshwa na mikono hii hospitalini, enzi za ukomunisti, wakati kusali kulikuwa kosa la jela na kanisa kuu limegeuzwa ukumbi wa michezo.

Dila, mwenye miaka 76, alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi. Mapadri walikuwa vifungoni au makaburini, basi wanawake wakajitwika kazi ya kubatiza. Mzazi alimnong'oneza tu, "Muogeshe vizuri." Dila alimmwagia mtoto maji kichwani, akatamka maneno ya ubatizo akijifanya anambembeleza.

"Tuliogopa, lakini tulipendana, mwanangu. Siku hizi kanisa liko wazi na kila mtu yuko na simu yake. Nawakumbuka wale wenzangu mpaka moyo unauma."

Hata leo, mtu asiye na cheti cha ubatizo, padri hutosheka na neno la Dila.

Ndiyo maana mwezi Machi mwanawe Ndue, fundi bomba huko Italia, alimpigia simu. Alikuwa ameombwa kuwa msimamizi wa ubatizo, na msimamizi sharti naye awe amebatizwa. "Mama, nenda kwa padri ukanishuhudie. Si ulinibatiza wewe?"

Hakumbatiza. Mumewe, marehemu Pashk, mwanachama wa chama tawala, alimsihi akilia: wakikamatwa, mtoto atalelewa na nani? Dila akaahidi kutombatiza. Baadaye akaona haya kusema.

"Wa wenzangu niliwabatiza, wangu nikamrudisha nyumbani hivihivi. Padri ningemdanganya kwa neno moja. Nikashindwa."

Akamwambia Ndue ukweli.

"Mama, miaka yote hii mimi mpagani na hukunidokeza?"

"Kwa utundu ule, nilidhani umeshajua."

Ndue alicheka, kisha akalia. Anakuja Agosti kubatizwa. Msimamizi wake ni Zef, kinyozi, aliyezaliwa siku moja naye na kulazwa kitanda cha jirani. Huyo, Dila alimbatiza.

"Mwanangu atainamisha kichwa mchana kweupe, mbele ya watu," anasema, machozi yakimtoka. "Na padri akiuliza nani kamleta, nitajibu kwa sauti kanisa zima lisikie: mimi, mama yake."