Hodi Ndani ya Seva

Miaka ile soko huria lilipoanza kutuletea kompyuta, Yustina alitunza seva ya chuo kimoja upande wa Mzumbe. Mwenzake Mikidadi alimcheka mpaka machozi. Kisa? Kila programu ndefu ya Yustina, ikimaliza alama za darasa moja, hutulia kidogo na kusikiliza kama kuna mtu amebisha hodi, ndipo iendelee na darasa jingine.

"Kompyuta nayo inangoja wageni?" alimtania.

Mcheke tu. Huko Mgeta, juu Uluguru, mama yake Yustina hakuitikia hodi mwiko ukiwa mkononi. Aliepua chungu kwanza, ndipo utasikia "Karibu!" Chakula chake hakikubaki nusu kibichi hata siku moja.

Basi asubuhi moja, mahafali kesho yake, seva ilikuwa inakokotoa upya alama za wanafunzi wote. Yustina akatupia jicho skrini, moyo ukamlipuka paa. Loh! Kanuni aliyoipa ilikuwa ya mwaka jana! Watoto wa watu walikuwa wanafelishwa, darasa baada ya darasa. Akabonyeza kitufe cha kusitisha, ndiyo hodi yenyewe. Seva ikaendelea kuunguruma kama haikusikia.

"Chomoa waya!" Mikidadi akapiga kelele, mkono tayari kwenye plagi.

"Thubutu! Ukichomoa, darasa moja litabaki nusu alama mpya, nusu za zamani, na hatutajua zipi ni zipi. Acha imalize ililoshika."

Alisema kwa ukali, lakini hakubandua macho kwenye skrini. Hodi ile haikuwahi kubishwa kwa jambo zito.

Mara skrini ikaandika neno alilolitia mwenyewe kwa mzaha: KARIBU. Kisha, jamani, seva ikaanza kurudi kinyumenyume. Darasa la mwisho kwanza, halafu lililotangulia, ikirudisha kila alama ya zamani mahali pake, bila pupa, mpaka la kwanza kabisa. Yustina mwili ulimsisimka. Programu hiyo aliiandika yeye, kwa vidole vyake, na bado alistaajabu kama ameonyeshwa kitu cha Mungu. Akakagua alama. Zote zilikuwa kama zilivyokuwa alfajiri.

Mikidadi akaachia plagi, akatoka nje, akafunga mlango. Yustina akaweka kanuni sahihi. Kidole kilikuwa kinakaribia kitufe cha kuanza aliposikia mlango unagongwa.

"Hodi humu ndani!"

Yustina akaondoa mkono kwenye kompyuta kwanza.

"Karibu, Mikidadi."