Uongo wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kwa miaka tisa nilifundisha uongo katika chuo kimoja cha Kisangani, na niliufundisha vizuri. Ulikuwa ukurasa wa arobaini na moja wa silabusi yangu, yaani ule mrundo wa fotokopi ambao kwetu kila mwalimu ana wake, na wanafunzi huukariri pamoja na koma zake. Sikuuandika mimi. Niliurithi kwa mwalimu wangu, aliyetuimlia kwa sauti ya padri, nami nilipopewa kiti chake nilibadilisha jalada, nikaweka jina langu, basi.

Uongo wenyewe nitaueleza, hauumi. Ndani ya seli mna kiini, na nje ya kiini mna ute unaoitwa saitoplazimu. Protini hutengenezwa huko nje, lakini nyingine kazi yake iko ndani ya kiini. Ukuta wa kiini una vitundu, na vitundu hivyo ni vikali: protini ndogo hupita tu, kubwa haziingii bila kubebwa. Anayezibeba ni protini nyingine, naye hashiki mzigo mpaka aone alama, kipande kifupi cha mwili wa protini yenyewe kinachosema huyu ni wa ndani. Wakishaingia mzigo unaachwa, na mbebaji anarudi nje kutafuta mwingine. Mpaka hapo silabusi ilikuwa sawa. Kisha ilisema kwamba protini ikishaingia, alama yake hukatwa.

Msichana ninayetaka kumsimulia alitoka Yahuma. Alikuwa mwaka wa mwisho, na idara nzima ilijua kwamba shule ya sekondari ya kwao imemwekea kazi ya kufundisha biolojia, kazi iliyokosa mtu kwa muda mrefu. Alihitaji diploma tu, na mtihani wangu wa mdomo ndio uliokuwa umebaki. Akianguka kwangu atarudia mwaka, na kazi atapewa mwingine.

Aliingia wa mwisho, saa nane mchana, nami njaa yangu haina adabu. Wenzake kumi na wawili walikuwa wamenisomea ukurasa wangu neno kwa neno, na kila mmoja nimempa kumi na sita. Nikamwuliza alama inakuwaje protini ikishaingia. Akasema haikatwi. Nikamsomea silabusi. Akasema ameiona, lakini haikatwi. Nikamwuliza mambo hayo ameyasoma wapi.

"Sikusoma, prof. Nilifikiri," akasema. "Seli ikijigawanya, ukuta ya kiini inabomoka, vyote vinachanganyika. Kisha kiini kinajengwa tena. Bon, zile protini zitarudia ndani namna gani, kama alama mulishaikata?"

Mulishaikata. Kana kwamba mimi binafsi nilishika mkasi. Nikamwambia kwamba hapa hatufikiri, hapa tunajibu. Naiandika sentensi hiyo leo na masikio yananiwaka. Nikampa nne juu ya ishirini, nikaenda kula.

Malewa, yaani kibanda cha chakula, ninapokula iko katika mtaa wa Simi-Simi, kwa mama mmoja anayejua kufunga samaki kwenye majani. Mtandao ulikuwa mzuri siku hiyo, kwa bahati mbaya. Nikafungua simu kutafuta ushahidi wa kumnyamazisha akija kulalamika. Kitabu cha kwanza kilisema alama haikatwi. Nikaamua kitabu hicho ni cha hovyo. Cha pili kilisema hivyohivyo, na sababu ilikuwa ileile ya msichana. Cha tatu kilinionyesha hata mahali mwalimu wangu alipopotea: protini zinazoingia mitokondria, sehemu nyingine kabisa ya seli, ndizo ambazo mara nyingi hukatwa alama zao. Mzee alichanganya milango. Na mimi, miaka tisa, sikuwahi kujiuliza swali ambalo mtoto wa Yahuma alijiuliza amekaa kitandani kwake. Samaki alikuwa mtamu sana, jambo lililozidi kuniudhi.

Kesho yake tulikuwa na kikao cha kupitisha matokeo. Njia nzima nilikuwa najitayarisha kusema ukweli, na sentensi niliyoitunga ilikuwa nzuri kabisa. Kisha nikawaona wenzangu wamekaa, mwenyekiti amevaa miwani, na pembeni yake yule profesa wa kemia ambaye huniita mutoto ya muzee kwa sababu ya urithi wangu. Sentensi ikanikauka mdomoni. Nikasema nilikosea kujumlisha, ile nne ilikuwa kumi na nne. Mwenyekiti akasema ndiyo maana watu hukimbilia biolojia, hesabu imewashinda. Wote wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Msichana akapita. Nikatoka pale nikijiona mtu mwema na mjanja, na ujanja ndio ulionifurahisha zaidi.

Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Siku ya tatu msichana akaja ofisini na mfuko mzito. Nilidhani ameniletea shukrani, pengine kuku; wengine huleta. Alisalimia, akakaa bila kuambiwa, akasema amesikia habari za kikao, akaniuliza kwa heshima zote kama nilikosea hesabu au nilikosea somo. Nikamjibu kwamba ameshapita, sasa tatizo liko wapi.

"Tatizo iko page quarante et un, ile ya arobaini na moja," akasema. "Kule Yahuma hakuna réseau ya simu, hakuna bibliothèque ya kusomea vitabu. Biolojia yote ya ile shule itakuwa iyi syllabus. Watoto wakiniuliza, niseme nini?"

Nikamwambia awafundishe vile alivyonijibu mimi.

"Na mwalimu mwenye atakuja nyuma yangu? Atasadiki mimi, ao atasadiki karatasi yenye jina yenu?"

Niliona haya, haya ya kweli. Kile cha kwenye kikao kilikuwa woga tu. Nikachukua kalamu, nikaufuta mstari ule katika nakala yake, nikaandika pembeni kwamba alama haikatwi, na kwa nini, na kwamba mwalimu alikosea. Nikatia sahihi. Aliyasoma polepole, akanirudishia nakala nirekebishe neno moja lililokuwa halisomeki. Kisha akafungua mfuko, akatoa silabusi za wenzake wote kumi na wawili. Mmoja wao alikuwa anaondoka asubuhi kwenda kufundisha Banalia, akasema, kwa hiyo tuanze na yake.

Niliziandika zote, yeye amekaa ananingoja. Alipoondoka nikatoa kabatini orodha za wanafunzi wa miaka ya nyuma, nione wengine wako wapi. Walikuwa wengi, na karibu wote walikuwa walimu.