Hajafa, Anasubiri Kuitwa

Admin, nifichie jina, na wewe wa Nyasa utakayenitambua kwa kisa hiki nakuomba ukae nacho moyoni. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, fundi cherehani hapa Mbinga mjini, Mmatengo wa Kitura niliyeolewa kwa Wanyasa kule ziwani. Mume wangu alikuwa fundi wa injini za boti. Mwaka juzi alitoka kwenda kujaribu injini aliyoitengeneza, ziwa likachafuka, boti ikaokotwa, yeye hakuonekana hadi leo.

Ndugu zangu, kumlilia mtu asiye na kaburi ni kazi. Hujui uanze lini wala uishie wapi. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda kama wa kumzaa, alikataa matanga kabisa. Wazee wa ukoo walimbembeleza mpaka mwaka huu akakubali: tuzike nguo zake, padri aombe, msalaba usimikwe. Nami nilitamani siku hiyo ifike, maana nilikuwa sijui kama mimi ni mke au mjane.

Sasa hapa mjini wakaja vijana wa elektroniki, wakatangaza mafunzo ya vitendo kwa yeyote, hawaulizi umeishia darasa la ngapi. Rafiki yangu akaniburuta, akisema cherehani itanizeesha. Kitu chenyewe kinaitwa RFID. Kuna kidude kidogo kama kifungo cha koti, wanakiita tagi. Ukikisogeza kwenye kisomaji, kinatambulika. Mzee mmoja wa kahawa alitaka magunia yake yajitaje yenyewe ili wajanja wasimbadilishie, mama mwingine alitaka kuwavisha mbuzi wake hereni za tagi. Tulicheka sana. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu nimpoteze mume wangu.

Mimi niliuliza, hii tagi haina betri, inaongeaje? Mwalimu, kijana mpole tu, akanijibu, "Dada, ikiwa peke yake imelala. Kisomaji kikiiita inapata umeme kidogo, inataja namba yake, inalala tena. Haijafa, inasubiri kuitwa." Niligeuza uso, nikajifanya naangalia waya.

Mwisho wa mafunzo kila mtu alitengeneza kiboksi chake cha kutumia betri: ukigusisha tagi, spika inatoa sauti uliyochagua. Wenzangu waliweka jogoo, wengine kwaya. Mimi niliweka sauti ya mume wangu, ujumbe aliowahi kunitumia kwenye simu siku moja ya kawaida kabisa: "Nipo njiani, nisubirini tule wote."

Nilidhani namfanyia mama wema. Simu yake ni ya kitochi, ujumbe ule hakuwahi kuusikia, nikawaza amsikie mwanawe hata mara moja kabla ya mazishi. Nikapanda gari nikashuka ziwani. Baada ya shikamoo na habari za mjini, nikaweka kiboksi mezani, nikagusisha. Mama alishika meza kwa mikono yote miwili. Akagusisha mwenyewe, tena na tena. Halafu akaichukua ile tagi, akaigeuzageuza kiganjani, akaniuliza, "Mwanangu, yumo humu?"

Nikaona nimweleze kitaalamu. Nikarudia maneno ya mwalimu kama yalivyo: "Haijafa mama, inasubiri kuitwa."

Mama ni Mnyasa wa zamani, Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni. Herufi moja ikaanguka njiani, nyingine ikageuka. Alikaa chini taratibu akasema, "Nilijua mimi. Hajafa, anasubiri kuitwa."

Ningeweza kusahihisha palepale. Nilifungua mdomo, nikauona uso wake ulivyong'aa, nikaufunga.

Kiboksi alibaki nacho, na tangu hapo amekataa mazishi. Chakula kikiiva anaita kwa kiboksi, anaambiwa asubiri ili wale pamoja, naye anasubiri kweli. Ugali unapoa, usipa, wale dagaa wa ziwani, wanakauka kwenye bakuli, ndipo anamega matonge mawili, siku nyingine hali kabisa. Amekonda mpaka kitenge hakikai kiunoni. Kaka yake mume wangu amenipigia kwa hasira: "Shemeji, umemletea mama mzimu ndani ya kiboksi. Njoo ukitoe, la sivyo nakitupa ziwani." Na mama naye akapiga jana, kwa upole wake uleule: "Mwanangu, ameanza kukata maneno. Niletee betri."

Nikimwambia kwamba ni herufi tu alisikia vibaya, namzika mwanawe kwa mdomo wangu, na kwa mwili ule sijui kama atastahimili. Nikinyamaza, ataisha kwa njaa akimsubiri marehemu mezani. Rafiki yangu anasema nitafute mtu mwenye sauti inayofanana, arekodi "Mama, kula tu, mimi nimeshiba." Nilikaribia kukubali. Kisha nikaogopa, maana mume wangu hakusema hivyo, na mimi ni nani wa kumtilia maneno mdomoni huko aliko?

Na kuna hili, ambalo hata padri sijamwambia. Siku ile kabla sijaondoka, mama aliandaa chakula, akagusisha tagi. Sauti ikasema nisubirini. Mimi niliyeunga waya zile kwa mikono yangu, ninayejua kila kilichomo mle ndani, niligeuka kutazama mlango. Na nikausogeza mkono wangu mbali na sahani.

Betri nimeshanunua. Jumamosi kuna gari la kushuka ziwani na mama ameshajua kwamba naja. Jamani wenye mama, msinitukane, nishaurini tu: nikifika pale mezani, nimpe betri au nimwambie?