Shikamoo kwa Mtoza Ushuru

Kabla hajawa mtoza ushuru, Mwinyijuma alikaanga samaki pale pale sokoni Bagamoyo, jirani na Bi Mwanamkasi. Bibi huyo ndiye aliyempa karai lake la kwanza, siku alipokuja hana kitu.

Sasa alimfanyia kazi mzabuni aliyepewa kukusanya ushuru wa soko. Wafanyabiashara wenye magari ya barafu walimpigia simu mzabuni mwenyewe wakaelewana, kwa hiyo Mwinyijuma akabakiwa na kina mama wenye masinia. Aliambiwa kiwango cha siku kisipotimia, kazi hana.

Asubuhi hiyo alimsimamia bibi kichwani, mashine ya risiti mkononi.

"Ushuru, bibi."

"Baba, ndio kwanza napanga. Nikiuza wawili watatu nitakupa."

"Jana uliniambia hivyo hivyo."

Akalishika sinia. Bi Mwanamkasi akaling'ang'ania upande wa pili, lakini alikuwa na miaka sabini na kitu. Alipoona hamwezi akaliachia, akapiga magoti mchangani.

"Shikamoo, bwana mkubwa," akamwambia.

Wauzaji wa jirani wakageuka. Mwinyijuma alihisi uso unamwaka moto. Angeweza kumwinua, lakini watu walikuwa wakimtazama, na akimsamehe huyu, kesho wote watapiga magoti.

"Marahaba," akajibu, akawamimina samaki wote kwenye gunia lake.

Tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyechelewa kulipa. Bi Mwanamkasi hakurudi tena sokoni. Nafasi yake mzabuni aliipangisha wiki hiyo hiyo, na Mwinyijuma akasifiwa kwa kazi nzuri.